Kifuniko Ulichokiacha Kwenye Dume

Mama,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii tena marahaba, lakini nikianza bila shikamoo nitajiona nimekosa adabu, na wewe hukuwa mtu wa kukosewa adabu hata na waliokuzidi umri.

Nakuandikia asubuhi, nimekaa kwenye benchi lako hapa karakana, Bunda. Chai imepoa kwa sababu nimekaa nikiitazama mashine. Leo nakwenda Musoma kwa Kaka Idrisa kulichukua dume lako, kile chuma cha meno kinachokaa katikati ya kalibu. Yeye anajua nakwenda kumsalimia tu. Dume bado limo ndani ya kifuniko cha plastiki ulichokisukuma siku ile ulipoanguka. Kifuniko kimelikumbatia, hakitaki kuliachia, na Kaka naye hataki mtu akiguse. Nisipolipata dume hilo, karakana hii haina kazi tena. Ndiyo shida niliyoamka nayo, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe uliyeniachia.

Ngoja nikupe habari, maana uliondoka katikati ya kazi.

Siku ile ulikuwa umefunga kalibu, umeibana vizuri, umesukuma plastiki, umekaa kusubiri ipoe. Mimi nilikuwa uani nachambua punje mpya za plastiki, natoa vumbi. Nilipoingia nilikukuta umeegemea ukuta, mkono kifuani, jasho limeulowesha ushungi. Ukasema, "Rehema, niletee maji." Nikaleta, hukunywa. Hospitali walitupokea vizuri, wakahangaika nawe, lakini kabla ya adhana ya alasiri ulikuwa umeshatuacha. Kesho yake tukakuzika.

Jioni ya mazishi nilikumbuka kalibu, nikataka kuja kuifungua. Baba mkubwa akanizuia mbele ya watu. "Mwacheni mama yenu apumzike," alisema. "Kitu alichokishika mwisho kisiguswe mpaka arobaini ipite." Wazee wote wakaitikia, na mimi nikatii. Nilijua plastiki haingoji arobaini. Ulikuwa ukiniambia mwenyewe, "Kifuniko kikiwa cha moto kinalia, kikipoa kinanuna." Ukikifungua mapema, meno yake ya ndani, yale ya kuzungushia, yanavutika na kuharibika. Ukichelewa, kinasinyaa juu ya chuma na hakitoki. Lakini nani angesimama kwenye matanga akaanza kuwaeleza wazee habari za plastiki? Wangesema msiba umenirusha akili. Heshima ikatuponza.

Siku ya arobaini, baada ya dua na pilau, Kaka aliifungua kalibu mwenyewe. Kifuniko kilikuwa cheupe, kinang'aa, hakina doa. Watu wakasema mashallah. Kaka akajaribu kukizungusha, hakikwenda. Nikajaribu mimi, nikachubuka kiganja. Basi Kaka akasema hii ni alama, Mama ametuachia mkono wake. Akalifunga dume pamoja na kifuniko chake kwenye leso, akaondoka nalo Musoma. Sasa liko sebuleni kwake, kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni. Wifi yangu Salma ananiambia Kaka hulifuta vumbi kila Ijumaa.

Huku nyuma akina mama wa Butiama wanakuulizia. Unawajua, wale wanaopeleka maziwa kwa yale madumu meupe ya mdomo mpana, ambayo siku hizi hayauzwi tena popote. Madumu yenyewe hayafi, vifuniko ndivyo vinavyopotea. Wewe ndiye uliyeupima ule mdomo, ukakereza dume la kuufuata, ukawafanya waache kufunga maziwa kwa nailoni na mpira wa baiskeli. Sasa wamerudi kwenye nailoni. Maziwa yanamwagika njiani, yanaingia vumbi, yakifika yanakataliwa. Mama Wakuru, yule mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema, hupita hapa kila anapokuja Bunda. Mara ya mwisho hakucheka. "Mama yenu alikuwaga hatuachi hivi," aliniambia. "Sasa sisi tufungage na nailoni mpaka lini? Juzi nimemwaga yote, ng'ombe wenyewe wamenionea huruma."

Usidhani nilikaa tu nikajikunyata. Nilikereza dume langu. Nilichukua dumu la Mama Wakuru, nikaupima mdomo wake kwa utulivu ambao wewe ulikuwa ukisema sina, nikakikereza chuma kikawa sawasawa na mdomo ule, jino kwa jino. Meno hayakukaa vizuri sana, lakini yalikaa. Nikasukuma plastiki, nikangoja, nikazungusha, kikatoka kifuniko cha kupendeza. Nikakipeleka kwenye dumu. Hakikuingia. Kilikalia ukingo tu, nikikizungusha kinateleza.

Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, maana nilikumbuka papo hapo. Plastiki ikipoa inapungua. Dume linatakiwa liwe nene kuliko mdomo wa dumu, na meno yake yaachane zaidi kidogo kuliko meno ya dumu, ili kifuniko kikishasinyaa ndipo kiwe kimefika kipimo chake. Hicho "kidogo" ni kiasi gani, wewe ulikijua kwa plastiki hii na kalibu hii, baada ya kuharibu vyuma vingi. Nilipokuuliza ulisema nitajua nikiharibu vya kwangu. Haya, nimeanza. Lakini mashine yetu ya kukerezea, hii ya marehemu Baba, haikubali meno yaliyoachana hivyo kwa gia zilizopo. Wewe uliichokonoachokonoa mpaka ikakubali, na mimi nimeichokonoa mpaka imegoma hata kazi ya kawaida. Fundi aliyekuja kuitazama ameniambia niipumzishe.

Unakumbuka siku uliponieleza habari ya dume kwa mara ya kwanza? Nilikuwa nimemaliza shule, najiona najua. Nikakuuliza kwa nini tusitoe kifuniko kitupu, kikishakuwa kigumu ndipo tukichonge meno kwa ndani. Tulikuwa tunakula, ugali wa udaga, wa muhogo uliovundikwa, ule unaonata mpaka unamvuta mtu kidole. Ukachukua bolti kwenye beseni la vyuma, ukaiosha kwa sabuni, ukaizungushia donge la ugali, ukalikandamiza kila upande, ukaiweka dirishani. Tulipomaliza kula ukaniambia niitoe. Nikaichomoa. Ugali ukachanika, ndani pakabaki shimo la panya.

"Nani amekwambia uchomoe?" ulisema. "Hiyo ina ngazi. Iteremke kwa ngazi yake."

Ukatengeneza donge jingine. Safari hii nikaizungusha polepole, na bolti ikatoka ikiwa imeacha mistari yake ndani ya ugali, safi, unaweza kuifuata kwa ncha ya ukucha. Nilibaki nimeachama. Wewe ukalimega lile donge, ukalichovya kwenye mchuzi wa sato, ukala. Nilipokutolea macho ukasema, "Si nimeiosha?"

Tangu siku hiyo sikuuliza tena kwa nini tunahangaika na dume. Nilielewa kwamba meno ya ndani hayachongwi, yanaachwa. Unatengeneza chuma chenye umbo la ule uwazi unaoutaka, unakiweka katikati ya kalibu, plastiki inakizunguka na kujaza mifereji yake, halafu chuma kinatakiwa kiondoke. Kazi yote imo kwenye kuondoka. Kikivutwa kinararua. Kikigeuka kwa mgeuko wake, kinaacha kila kitu mahali pake. Wewe ulikuwa ukinicheka nikianza kusema hivi. Ulikuwa ukisema mimi nikipewa kijiko nitakitafutia maana.

Na ile siku nilipokuonyesha kwenye simu viwanda vya wenzetu! Ulivuta kiti. Kule dume linazungushwa na gia: kifuniko kikishika tu, linajifungua lenyewe, linarudi nyuma, kifuniko kinadondoka. Mengine yameundwa kwa vipande vinavyojikunja kwa ndani, dume likishakuwa jembamba linatoka bila kugusa meno. Na vifuniko vingine vilivyo laini havizungushwi kabisa. Meno yake ni ya mviringo, kifuniko kinasukumwa kwa nguvu, kinatanuka, kinaruka meno, kinarudi umbo lake, kama unavyomvua mtoto sweta la shingo nyembamba. Uliyatazama yote. Mwisho ukasema, "Wana haraka hao." Halafu ukachukua kipande chako cha kanga kuukuu, ukashika kifuniko cha moto, ukaendelea kuzungusha kwa mkono.

Mimi nikang'ang'ania tujaribu ile ya kuvua sweta. Tulibishana mpaka majirani wakadhani tunagombana. Ukakubali ili ninyamaze. Tukasukuma, tukavua, meno yakakwanguka yote, maana yetu yamechongoka na plastiki yetu ni nene. Ulinitazama tu, ukaenda kuwasha jiko. Ningekuwa na nafasi ya kubishana nawe tena siku moja, ningekuachia ushinde tangu asubuhi.

Namsikia utingo akiita, gari la Musoma linakaribia kujaa. Nakwenda, Mama. Niombee Kaka awe amekula.

*

Nimerudi, na siku kadhaa zimepita. Barua hii nilikuwa nimeibana kwenye jiriwa isipeperuke, na imebaki na alama ya meno ya chuma pembeni. Utanisamehe.

Nilimkuta Kaka amekula, na alifurahi kuniona. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto, habari za presha ya Baba mkubwa. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia mpaka sebuleni na kupeperusha vitambaa vya makochi. Muda wote huo nilikuwa namwangalia yeye kwa jicho moja, kabati kwa jicho la pili. Dume lako lilikuwa limesimama pale, kichwa juu, limewekewa kitambaa cha kufuma chini yake. Nilitaka kucheka. Wewe uliyekuwa unaligongea bawaba za mlango!

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia habari za Butiama, na habari za dume langu lililoshindikana. Akanisikiliza, halafu akasema, "Si wanunue madumu mengine." Nikamjibu vibaya. Unanijua. Nikamwambia si kila mtu anakaa ofisini akiletewa chai. Akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Rehema, wewe una karakana nzima. Una benchi lake, una nguo zake za kazi, una harufu yake. Mimi nina hiki tu. Ndicho alichokishika mwisho. Ukikiharibu mimi nabaki na nini?"

Nilikuja na maneno mengi, yakaisha. Sikuwahi kufikiri kwamba Kaka ananionea wivu. Nilikuwa nadhani mimi ndiye niliyebakiwa na mzigo na yeye amebakiwa na nafasi.

Wifi Salma ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kitambaa begani. "Baba Farida," alimwambia Kaka, "kwani mama alikuwaga anatengeneza mapambo?" Basi. Akarudi jikoni. Kaka akaitazama mikono yake. Halafu akainuka akachukua ufunguo wa kabati.

Njia niliyokuwa nimeifikiria ni ya maji ya moto. Niliifikiria wiki nzima. Kama ubaridi ndio uliokifanya kifuniko kilibane dume, basi joto litakilegeza, maana plastiki ikipata moto inanenepa upesi, na chuma kinanenepa kwa shida. Niliogopa jambo moja tu, kwamba maji yakiwa ya moto mno kifuniko kitalegea mno, kipinde, meno yavutike. Salma akaleta sufuria ya maji aliyokuwa akichemshia chai. Tukalitumbukiza dume na kifuniko chake, tukafunika. Tulikaa watu wazima watatu tukiitazama sufuria kama tunaopika kitu cha harusi. Kila mara Kaka alikuwa akiuliza, "Bado?" nami najibu bado, na kusema kweli sikuwa najua.

Nilipokitoa nilikigusisha shavuni, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kaka akalishika dume mkiani kwa spana, akalikaza kwa mikono yote miwili. Mimi nikakifunga kifuniko kwa kitambaa, nikazungusha. Hakikwenda. Nikamwambia Kaka asilegeze. Nikasema bismillahi, nikajaribu tena. Kikatoa mlio mdogo, halafu kikasogea. Mama, kilisogea! Kaka alipiga ukelele, na huyo ndiye Kaka ambaye hata kwenye harusi yake hakucheka kwa sauti. Nikazungusha polepole mpaka mwisho, kikatoka kizima mkononi mwangu, na dume likabaki kwenye spana, safi, halijakwaruzika popote. Lilikuwa bado na mafuta uliyolipaka. Salma akapiga vigelegele peke yake, mtoto wa jirani akachungulia dirishani kujua kumezaliwa nini.

Ndipo nilipokigeuza kifuniko kutazama ndani.

Nilitazama mara moja, nikakipeleka kwenye mwanga wa mlango, nikatazama tena. Meno ya juu, karibu na tundu plastiki inapoingilia, yalikuwa mazuri. Ya katikati yalikuwa mafupi, mabutu. Ya chini hayakuwapo. Palikuwa na alama tu, kama mtu alitaka kusema neno akaacha. Nje kifuniko kilikuwa kizima, ndani kilikuwa hakijajaa.

Kaka akaniuliza kuna nini. Ilibidi nimweleze, kwa sababu yeye hakukaa sana karakana. Nikamwambia plastiki ikishaingia kwenye kalibu, mkono wa mashine haufai kuachiwa. Unasukuma mpaka mwisho, na ukifika mwisho unakandamiza, unabaki umekandamiza, ili plastiki izame kwenye kila mfereji wa dume kabla haijashika. Na Mama hakutumia saa kupima muda wa kukandamiza. Alikuwa anasoma Alhamdu. Analalia ule mkono kwa uzito wake wote, anasoma Alhamdu polepole mpaka aamin, ndipo anaachia. Hata wateja Wakristo walikuwa wanajua kwamba Mama akianza kusoma haulizwi kitu.

Kaka akaingiza kidole ndani ya kifuniko, akakizungusha taratibu. Kikapita pale palipokuwa na meno, kikafika pasipokuwa na meno, kikasimama hapo.

"Kwa hiyo hakumaliza," alisema.

Hukumaliza. Plastiki ilikuwa ya moto vizuri, kalibu ilikuwa imebanwa vizuri, dume limepakwa mafuta. Kilichokosekana ni nguvu ya mkono wako. Ulikuwa tayari unaumwa, Mama. Ulikuwa unaumwa ulipoushika ule mkono wa mashine, na uliuachia kwa kuwa haukushikika tena. Halafu ukakaa, ukaegemea ukuta, ukangoja kipoe, kana kwamba hakuna kitu. Na mimi nilikuwa uani! Mlango ulikuwa wazi. Nilikuwa naimba, ulikuwa unanisikia. Ungeita tu "Rehema," ningekuja hata na punje mkononi. Ulilitaja jina langu nilipoingia mwenyewe, ukiwa huwezi tena hata kumeza maji.

Nilikukasirikia, na nakuandikia hivyo hivyo bila kuficha. Nilikaa kwenye kochi la Kaka nikakukasirikia. Nyumbani kwetu neno "nimechoka" lilikuwa kama tusi. Ulizika mume ukarudi kwenye mashine. Ulisimama miguu imevimba, tukikwambia kaa unasema kukaa ni kwa wageni. Tulijisifu kwa hilo. Tulikuwa tunawaambia watu, mama yetu ni chuma. Sasa nilikuwa nimeshika mkononi kazi yako pekee mbovu iliyowahi kutoka mikononi mwako, na ndiyo iliyoniambia ukweli ambao mdomo wako haukuwahi kuniambia.

Kaka alilia, nami nikalia, Salma akatupa chai aliyoipika kwa maji yaleyale tuliyochemshia chuma. Tulipogundua tulicheka huku tunalia. Ungekuwepo ungesema tumekosa kazi.

Halafu likaja swali la kifuniko. Dume Kaka alikuwa ameniachia, hilo lilikwisha. Lakini kifuniko alikuwa amekishika, na nilimwona anatazama kabati. Sikutaka kumnyang'anya. Nilimuuliza tu, "Kaka, Mama angekubali wageni wakione hiki?"

Aliwaza. Wewe ulikuwa huachi kifuniko kibovu kikae hata kwa kucheza watoto. Ukikiona kina kasoro unakikata hapo hapo kwa mkasi wa bati, vipande vinarudi kwenye chungu cha mashine, na unaangalia huku na huku kama aliyejikwaa njiani anavyoangalia nani amemwona. Kuweka kazi yako mbovu kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma, ili kila mgeni aiulize! Kaka akaanza kutabasamu kabla hajajibu. "Angetufukuza wote wawili," alisema.

Siku ya Jumamosi alikuja Bunda. Alivaa shati zuri, nikampa aproni yako, ikamfika kiunoni. Mkasi wa bati nilimpa yeye. Alikata taratibu, vipande vidogo vidogo, na mimi sikumharakisha. Tukavichanganya na punje mpya, tukangoja zilainike. Nikalipaka dume mafuta, nikaliweka mahali pake, nikafunga kalibu. Mkono wa mashine tuliushika wote wawili. Tulisukuma mpaka ukagota, tukaulalia, Kaka akaanza kusoma Alhamdu. Sauti yake ilikatika katikati, nikaidaka, akarudi, tukafika aamin pamoja. Tulipouachia tulikuwa tunahema wote wawili. Nilishangaa ulikuwa unafanya hivi kutwa nzima peke yako.

Nilikingoja kifuniko mpaka kikawa cha moto wa kushikika, nikakizungusha kwa kipande cha kanga, kikateleza kikatoka. Nikampa Kaka atangulie kutazama ndani. Akatazama muda mrefu, akapitisha kidole, akanipa. Meno yalikuwa yamejaa mpaka la mwisho. Tukatengeneza vingine mpaka punje zikaisha. Vile vipande vya kifuniko chako sijui vimeingia kwenye kipi. Huenda vimo ndani ya vyote kidogo kidogo.

Mama Wakuru alikuja na dumu lake, tukalijaza maji, tukafunga, tukaligeuza chini juu. Alikaa amelikodolea, anangoja lidondoshe. Halikudondosha. Akacheka kabla hajasema, kama zamani. "Haya, sasa naona mama yenu amewaachiaga akili," alisema, akaniachia kibuyu cha maziwa mgando. Kaka alikunywa vikombe viwili. Alipoondoka aliniuliza kama anaweza kuja Jumamosi nyingine. Nikamwambia kalibu yenyewe haimkatai mtu.

Kabati lake sasa lina nafasi tupu katikati ya vikombe. Salma ameniambia hawajaweka kitu kingine.

Mama, nimeandika mengi na mkono umeanza kuuma, nami nakwambia wazi kwamba unauma. Watu hapa wanataka niseme nitafuata nyayo zako. Nitazifuata kwa kipimo, kwa mafuta, kwa Alhamdu, kwa kutompa mtu kitu kisichojaa. Lakini kuna jambo moja sitalifuata, na ndiyo ahadi yangu kwako. Siku mkono wangu ukigoma, hata kama plastiki iko njiani, hata kama wateja wamejaa mlangoni na wote wananisifu kwamba mimi ni chuma, nitauachia na nitaita. Nitamwita Kaka, nitamwita jirani, nitamwita yeyote aliye uani. Nitaita kwa sauti, Mama, mapema, kabla sijaomba maji.

Pumzika sasa. Mola akupe mahali pasipo na mashine, na akupe mtu wa kukaa karibu nawe.

Mwanao aliyekuwa uani,
Rehema